Jina la Nani Chini ya Buli?

*Wapenzi wa chai waliojuana mtandaoni wanaagiza mabuli, vikombe na chai ya kumbukumbu yenye alama zao. Fedha huchangwa upesi. Ugomvi huja baadaye, na mara nyingi chai yenyewe haimo ndani yake.*

Mwaka 1948 mfinyanzi Gu Jingzhou, akiwa na umri wa miaka 33, alifinyanga mabuli matano kwa udongo wa zambarau wa Yixing, mkoani Jiangsu, China. Yote yalikuwa ya umbo moja, lile liitwalo Shipiao: kitako kipana, mabega membamba, mdomo mfupi ulionyooka, miguu mitatu midogo. Mchoraji Wu Hufan, jina kubwa mjini Shanghai zama hizo, alishiriki kuyapamba kwa mianzi na maandishi.

Hayakupelekwa dukani. Moja Gu alibaki nalo. Mengine yalikwenda kwa Wu Hufan mwenyewe, kwa wachoraji Jiang Hanting na Tang Yun, na kwa Dai Xiangming, mwenye duka la mabuli la Tiehuaxuan, ambaye ndiye aliyewakutanisha. Miaka 62 baadaye, mwaka 2010, lile la Dai lilipigwa mnada Beijing kwa yuan milioni 12.32.

Kwa watu watano wanaofahamiana, hapakuhitajika mweka hazina wala kura.

Leo duara ni kubwa, na wengi waliomo hawajawahi kukaa meza moja. Mmoja yuko Prague, mwingine Toronto, mwingine Nairobi. Hubishana kuhusu joto la maji, hutumiana vifurushi vya gramu kumi za kuonja, hupeana pole na hongera. Siku moja mmoja wao huuliza kwa nini wasitengenezewe kitu chao wenyewe, na kabla ya jioni watu hamsini wameshasema wamo.

Wanachosahau kuulizana kabla ya kutoa fedha ni mambo ya kawaida sana: nani anabuni, nani anatengeneza, nani anabeba hasara ya kitakachopasuka, na jina la nani litapigwa mhuri. Hilo la mwisho huonekana dogo kuliko yote, hata huachwa hadi oda inakaribia kutumwa. Kwa maoni yangu ndilo la kuanza nalo.

Kikombe cha dakika kumi

Orodha ya vitu vinavyoagizwa si ndefu. Kuna beji na vitambaa vya kutandika mezani. Kuna vinyago vidogo vya udongo usiopakwa kitu, hasa chura wa miguu mitatu, ambavyo Wachina huvimwagia chai iliyobaki hadi vikabadilika rangi kwa miaka. Kuna vikombe vya mfinyanzi, kuna mabuli, na kuna chai yenyewe, iliyoshindiliwa na kufungwa kwa karatasi ya kikundi.

Kabla ya vyote hivyo kuna kikombe cheupe cha kiwandani chenye alama iliyochapwa. Anayekijua Kariakoo au River Road anaijua kazi hiyo: picha inatolewa kwenye karatasi maalumu, inazungushiwa kikombe, mashine ya joto inabana, na baada ya dakika chache unaondoka nacho. Unaweza kuagiza kimoja au mia mbili.

Wanaokitetea wana hoja nzito, na sioni sababu ya kuwacheka. Mwanafunzi aliyemo kwenye kikundi hulipa sawa na daktari, kikombe kikivunjika kinachapwa kingine, na hakuna anayesubiri miezi sita. Tena hakuna anayelala macho akijiuliza kama udongo ni wa kweli.

Wanaokipinga husema kikombe hicho kingeweza kuwa cha benki, cha kampuni ya bima au cha mahafali, kwa kuwa hakuna ndani yake kinachohusu chai. Aliyeshinda kwenye majani kwa miaka kumi anajua kwamba kikombe kinene huchelewa kupoa na chembamba huunguza vidole, na kwamba ukingo uliopinda nje kidogo huipeleka chai mahali pengine mdomoni. Kumpa mtu wa namna hiyo kikombe chochote tu kwa sababu kimeandikwa jina la kikundi ni kumpa jina peke yake.

Kuna pia jambo la afya ambalo halipendwi kutajwa kwenye mambo ya furaha. Rangi zinazopakwa juu ya kauri iliyokwisha kuchomwa, zile nyekundu na njano kali hasa, zaweza kuwa na risasi au kadmiamu, na kinywaji chenye asidi huviyeyusha. Mwagizaji makini huomba alama ikae nje ya kikombe, mbali na ukingo wa midomo, na ndani pabaki peupe. Mfinyanzi mzuri atamwambia hivyo hata asipoulizwa.

Mihuri miwili

Kuagiza chombo cha chai chenye alama yako si uvumbuzi wa kizazi cha simu. Mwagizaji mashuhuri kuliko wote alikuwa Chen Hongshou, anayejulikana zaidi kwa jina la Chen Mansheng, aliyeishi kati ya 1768 na 1822. Alikuwa mchonga mihuri na bingwa wa hati za brashi, na serikali ilimpa uhakimu wa wilaya ya Liyang, jirani na Yixing.

Mansheng hakuwa mfinyanzi. Alibuni maumbo: buli la mfano wa kibuyu, la mfano wa kigae cha paa, la mfano wa kizingiti cha kisima. Yang Pengnian na nduguze wakayafinyanga, kisha yeye na rafiki zake wakachonga maneno ubavuni. Wachina bado huyataja maumbo hayo kama mitindo kumi na minane ya Mansheng, ingawa idadi hiyo wataalamu hawakubaliani nayo.

Geuza moja la mabuli hayo. Kitakoni utakuta mhuri wa Amantuo Shi, jina la chumba cha kazi cha Mansheng. Kisha tazama chini ya mkono, pale kidole cha mnywaji kinapopita: kuna mhuri mwingine, mdogo sana, unaosomeka Pengnian.

> Mwenye wazo alichukua kitako. Mwenye mikono alipewa nafasi ya ukucha. Lakini alipewa.

Mgawanyo huo haukuwa wa haki kamili, na hakimu wa wilaya hakuwa na haja ya kujadiliana na fundi. Hata hivyo ule mhuri mdogo ndio unaotuwezesha leo, miaka mia mbili baadaye, kusema kwamba Yang Pengnian aliishi na kwamba mikono yake ilikuwa hodari.

Si oda zote zilikwenda hivyo. Katika karne ya 19 wanywaji wa Siam, Thailand ya sasa, waliagiza Yixing mabuli ya kwao, mengi yakisuguliwa hadi yakang'aa na kuvishwa kingo za madini. Mengine yana mhuri wa Gongju. Ni mabuli mazuri, na wakusanyaji huyatafuta, lakini mhuri huo unatueleza oda ilikuwa ya soko gani, fundi humwoni.

Wazungu nao, karne ya 18, walituma Guangzhou michoro ya nembo za familia zao ili zichorwe kwenye kauri ya Jingdezhen. Meli ilikwenda na kurudi kwa muda unaozidi mwaka. Wanahistoria wa kauri husimulia kisa cha sahani zilizofika Ulaya zikiwa na maneno ya maelekezo, kama vile majina ya rangi, yamenakiliwa kwa uangalifu mkubwa juu ya nembo. Mchoraji hakujua Kiingereza. Aliletewa karatasi, akaichora yote. Kila ninapoona oda ya siku hizi yenye kurasa sita za maelekezo kwa fundi, namkumbuka huyo.

Udongo haupigi kura

Buli ndilo linalotamaniwa zaidi na ndilo linalowatesa waagizaji zaidi. Inafaa kueleza kwa nini.

Udongo wa Yixing, uitwao zisha, huchimbwa ukiwa mwamba. Huachwa kwenye jua na mvua hadi umeguke, husagwa, huchekechwa, hukandwa na kulazwa. Machimbo mashuhuri ya Huanglongshan yalifungwa na serikali katika miaka ya 2000, kwa hiyo anayetangaza udongo wa mlima huo leo anadai ana akiba ya zamani. Wapo walio nayo. Wanaodai ni wengi kuliko walio nayo.

Buli lenyewe halizungushwi kwenye gurudumu. Fundi hutwanga udongo kwa nyundo ya mti hadi uwe bapa, hukata ukanda, huuzungusha na kuugongagonga kwa kibao hadi uvimbe tumbo. Mdomo na mkono huunganishwa baadaye. Hiyo ndiyo kazi ya mikono mitupu. Ipo ya pili, ambayo tumbo hukandamizwa ndani ya kalibu kisha fundi akamalizia, na ipo ya tatu, ya udongo uliotiwa maji hadi ukawa uji na kumiminwa kwenye kalibu ya plasta. Zote tatu huuzwa kama mabuli ya Yixing. Kikundi kisichouliza ni ipi kati ya hizo kitauziwa ya tatu kwa bei ya kwanza.

Kisha kuna moto. Kwenye tanuri, kwa joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, udongo hunywea. Ule mwekundu uitwao zhuni hunywea kuliko mwingine na hupasuka kwa wingi. Mtu aliyeagiza buli la mililita 120 anaweza kupokea la 112 au la 126, na fundi asiwe amekosea kitu. Kifuniko huchomwa kikiwa juu ya buli lake ili vinywee pamoja, ndiyo maana vifuniko vya mabuli mawili ya mkono havibadilishani hata kama yametoka kwenye tanuri moja siku moja.

Sasa leta hapo kikundi cha watu themanini kinachoamua kwa kura. Mmoja anataka buli dogo kwa sababu anakunywa peke yake, mwingine anataka kubwa kwa sababu ana wageni. Wanapatana la kati, ambalo hakuna aliyelitaka. Wa tatu anataka mdomo mrefu kidogo, wa nne anataka chujio la mpira badala ya matundu, wa tano anataka alama ya kikundi ichongwe ubavuni kwa ukubwa unaoonekana kwenye picha.

Fundi anapokea yote hayo, anakubali kwa adabu, na anatengeneza buli ambalo hajawahi kulitengeneza. Buli lina hesabu zake. Sehemu ya juu ya mdomo wa kumiminia, ukingo wa kinywa na kilele cha mkono vinatakiwa vikae karibu usawa mmoja. Kiungo ambacho mdomo unakutana na tumbo ndicho kinachoamua kama maji yatatoka kamba moja au yatatapakaa. Fundi aliyelifanya umbo moja mara mia nne ameyamaliza hayo mikononi. Ukimhamisha sentimita moja, anaanza upya kwa gharama yenu.

> Buli linalopatikana kwa kura za watu themanini huwa halimpendezi hata mmoja, na fundi ndiye anayelaumiwa.

Vikundi vyenye busara huenda kinyume. Vinachagua fundi kwanza, vinaomba umbo analolifanya kila siku, na vinajiwekea mipaka kwenye vitu viwili tu: udongo upi na alama iwekwe wapi. Zaidi ya hapo hunyamaza. Najua kunyamaza si raha kwa mtu aliyelipa.

Mhuri unaosema uongo

Jina la fundi lina thamani, kwa hiyo huibiwa. Mei 2010 televisheni ya taifa ya China, CCTV, ilionyesha jinsi udongo wa kawaida ulivyotiwa oksidi ya chuma na dioksidi ya manganizi ili ufanane na zisha. Soko la Yixing lilitikisika. Lakini udanganyifu wa udongo ni nusu tu ya hadithi. Nusu nyingine ni ya mikono. Kwa muda mrefu imejulikana kwamba baadhi ya mabuli yenye mihuri ya mabingwa hufinyangwa na wanafunzi au vibarua, bingwa akapiga mhuri na kutoa cheti.

Hapa pande zinagongana kweli. Upande mmoja unasema karakana ni karakana: mwanafunzi hufanya kazi chini ya jicho la mwalimu, ndivyo ufundi unavyorithishwa, na mhuri ni dhamana ya karakana nzima. Upande mwingine unasema mnunuzi alilipia mikono fulani na hakuipata. Mimi ningeukubali upande wa kwanza kama karakana ingesema hivyo kabla ya malipo. Nyingi hazisemi.

Kikundi cha marafiki kina nafasi ambayo mnunuzi wa mnadani hana. Hakihitaji jina la bingwa. Kinaweza kumpa kazi fundi kijana ambaye bado hana vyeo, kikamlipa vizuri, na kumwomba apige mhuri wake mwenyewe. Kumbukumbu haipungui thamani kwa sababu aliyeitengeneza hajulikani Beijing. Inapungua pale ambapo hata waliomlipa hawamjui.

Chai yenye jina tumboni

Kuna wanaosema chombo chochote ni mapambo tu: watu wa chai waagize chai. Hao huelekea Yunnan.

Chai ya Pu'er, ya majani makubwa ya mkoa huo, huweza kuhifadhiwa miaka mingi, na ile mbichi hubadilika ladha polepole kadiri inavyokaa. Majani makavu hupimwa, hutiwa kwenye mkebe wenye matundu chini, hupitishwa juu ya mvuke hadi yalainike, humiminwa kwenye mfuko wa kitambaa na kukandamizwa kwa jiwe zito ambalo fundi husimama juu yake na kuliyumbisha kwa miguu. Linatoka bapa la mviringo. Uzito wa desturi ni gramu 357. Mabapa saba hufungwa pamoja kwa magamba ya mwanzi na kufanya karibu kilo mbili na nusu, na mafungu kumi na mawili ya aina hiyo hufanya shehena ya kilo 30, yaani mabapa 84.

Hesabu hiyo inavifaa vikundi vya leo kwa namna ya ajabu. Watu 84, bapa moja kila mmoja, shehena moja.

Oda za namna hii zilifufua ufundi uliokuwa unakufa. Katikati ya miaka ya 1990 wapenzi wa chai kutoka Taiwan walikwenda Yiwu, kijiji cha zamani cha biashara ya chai kusini mwa Yunnan, wakitafuta ladha ya mabapa ya kale waliyoyazoea. Walikuta ushindiliaji wa jiwe umeachwa kwa miongo kadhaa. Waliwatafuta wazee waliokumbuka, wakaagiza. Mwaka 1996 yakatoka mabapa ya Zhenchunya, oda ya Lü Lizhen wa Taiwan iliyotengenezwa chini ya usimamizi wa Zhang Yi wa Yiwu. Biashara kubwa ya chai ya Yiwu tunayoiona sasa ilianzia kwenye oda za watu wachache waliotaka tu kunywa kitu fulani.

Karatasi ya nje ndiyo inayowashughulisha waagizaji, kwa kuwa ndiyo yenye mchoro. Wanaojua huangalia kikaratasi kingine, kidogo kama stempu, kinachowekwa katikati ya majani kabla ya kushindiliwa. Huitwa neifei. Huwezi kukitoa bila kulivunja bapa, kwa hiyo ni vigumu kukibadilisha. Nyumba ya Tongqing, iliyosumbuliwa na waigaji, ilitangaza alama mpya mwaka 1920 na kuieleza kwenye karatasi zake za ndani. Matapeli wakaiga na hiyo.

Kwenye karatasi ya nje, kikundi kiandike kinachotaka. Kwenye neifei ningependa kusoma mambo matatu: kijiji yalikochumwa majani, msimu na mwaka, na aliyeshindilia. Miaka kumi na tano baadaye, bapa litakapofunguliwa na mtu ambaye labda hata hakuwemo kikundini, mchoro wa nje utakuwa umefifia au umeliwa na wadudu.

Lawama dhidi ya chai ya kumbukumbu ni kwamba inakwisha. Wengine hawathubutu kulivunja bapa, wanaliweka kabatini, na chai inageuka sanamu. Mabapa ya Pu'er yalishawahi kugeuzwa hisa za kubahatisha hadi bei ikaporomoka mwaka 2007, na waliolia wakati ule hawakuwa wanywaji. Nadhani kuisha ndiyo sifa yake. Ila usiwaambie hivyo waliochanga fedha kwa ajili ya kitu cha kudumu.

Arubuni

Fundi hataanza bila arubuni, na ana haki. Buli lenye alama ya kikundi halina mteja mwingine duniani. Oda ikivunjika, ameachiwa mzigo wa mabuli asiyoweza kuyauza.

Kwa hiyo mtu mmoja hujitolea kukusanya fedha. Mtu huyo ndiye ninayemhurumia kuliko wote katika habari hii. Fedha za watu themanini zinaingia kwenye akaunti yake binafsi kwa sarafu tano tofauti. Ada za kutuma zinakula pembeni. Thamani ya yuan inapanda kati ya oda na malipo ya mwisho. Mwanachama mmoja anabadilisha anwani, wa pili anajitoa, wa tatu anadai forodha ya nchi yake imemtoza kodi ambayo hakuambiwa. Kisha mzigo unafika na mabuli manne yamevunjika mkono.

Halipwi. Akiongeza kiasi kidogo juu ya bei kufidia usumbufu, ataitwa mfanyabiashara. Asipoongeza, hasara ya mabuli manne ni yake. Urafiki mwingi wa mtandaoni umefia hapo, na aliyekusanya fedha hakuwa mwizi.

Dawa yake haina siri, na wanachama wa vikoba wanaijua kuliko wajuzi wa chai: bei itangazwe ikiwa na fungu la hasara ndani yake, hesabu iwekwe wazi kila hatua, na ikubalike tangu mwanzo kwamba fungu hilo lisipotumika litarudishwa au litakwenda kwa fundi. Watu hulipa zaidi bila kinyongo wanapoambiwa mapema.

Na sampuli ilipiwe. Vikundi vingi hukwepa gharama hiyo kwa sababu buli moja la majaribio huwa ghali. Lakini sampuli ndiyo pekee inayojibu kabla ya wakati: jaza maji, ziba tundu la kifuniko kwa kidole, inamisha. Maji yakikatika, kifuniko kimekaa. Yakiendelea kuchuruzika, afadhali kujua sasa kuliko mara themanini.

Kutoka Kericho hadi pindo la kanga

Msomaji wa Mombasa au Mbeya anaweza kuuliza mbona safari zote ni za China wakati chai ipo nyumbani. Swali ni zuri. Chai ilipandwa Limuru mwaka 1903, na Kenya leo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa chai nyeusi duniani.

Tatizo ni vipimo. Mnada wa chai ulioanza Nairobi mwaka 1956 na baadaye kuhamia Mombasa huuza kwa mafungu. Fungu moja huweza kuzidi tani mbili. Chai nyingi inayopita hapo imekatwa, ikararuliwa na kusokotwa na mashine ili itoe rangi haraka kwenye mifuko midogo na kwenye sufuria zetu za maziwa. Ni chai nzuri kwa kazi yake. Haina kijiji wala msimu kwenye lebo.

Kikundi kinachotaka kilo thelathini zenye jina hakiwezi kwenda mnadani. Kinapaswa kumfuata mtengenezaji mdogo anayesokota majani mazima. Wapo, Kenya na Tanzania, na baadhi wanaifanyia kazi chai ya zambarau, aina ya TRFK 306 iliyotolewa na watafiti wa Kericho mwaka 2011, ambayo machipukizi yake yana rangi ya bilinganya kwa sababu ya anthosiyanini. Mimina, ongeza limau, uone inavyoelekea rangi ya waridi. Kama kuna chai inayostahili kuwa kumbukumbu ya kikundi cha Afrika Mashariki, ningeanzia hapo.

Ufundi wa kuagiza kwa pamoja nao hatuuombi Yixing. Kanga za harusi, za misiba, za mikutano ya vyama zimekuwa zikiagizwa kwa maneno ya wenye shughuli kwa vizazi. Soma pindo la kanga za Kaderdina Hajee Essak, kampuni iliyoanza Mombasa mwaka 1887: katikati kuna maneno yanayosema na watu, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna chapa ya Mali ya Abdulla pamoja na namba ya mchoro. Mwenye ujumbe na mwenye kitambaa wote wamo, kila mmoja mahali pake. Hata hivyo aliyechora mstari wa pindo hilo hayumo, na hilo linatuhusu sisi kama linavyowahusu Wachina.

Yale ya ziada

Kuna jambo moja ambalo mikataba mingi ya aina hii hulisahau. Fundi anayeagizwa mabuli 80 hatachoma 80. Atachoma 90 au zaidi, kwa kuwa anajua mengine yatapinda au kupasuka. Tanuri likiwa na huruma, anabaki na kumi mazima, yenye alama ya kikundi.

Ni ya nani? Kikundi husema alama ni yetu, yasiuzwe nje, kwani kumbukumbu inayopatikana sokoni si kumbukumbu. Fundi husema udongo ni wangu, kuni ni zangu, nanyi mlilipia 80. Nimesikia pendekezo kwamba yavunjwe, na kwa kitu kilichopita kwenye mikono ya mtu siku nzima naliona pendekezo baya.

Ningemwachia fundi kumi hayo ayauze apendavyo, kwa sharti moja linaloandikwa kabla ya arubuni kutumwa: yasiyokuwa ya wanachama yapigwe mhuri wa fundi peke yake, na ule wa kikundi uachwe hadi mabuli yahesabiwe. Hilo haliwezekani kwa mhuri unaopigwa kwenye udongo mbichi kabla ya moto. Linawezekana kama alama ya kikundi itachongwa baada ya kuchoma, jambo ambalo wachongaji hulifanya kwa patasi ndogo, kwa malipo ya ziada kwa kila buli.

Malipo hayo nayo yaingizwe kwenye bei ya mwanzo.